Mwanya wa Kigoda

Katika mji ule siku haikuisha kwa jua kutua. Iliisha pale mtu alipomaliza alichokuwa akikifanya, na mvivu aliweza kuishi siku moja kwa miaka mingi. Ndiyo maana hakuna aliyejua umri wa Hamduni, seremala wa mtaa wa chini, hata yeye mwenyewe. Kuna asubuhi alizoamka na mikono ya kijana, akapiga randa mpaka maranda yakamfika magotini. Zipo nyingine ambazo kabla hajaufikia mlango mgongo ulikwisha kumuuma kama wa babu yake. Hakulalamika. Alisema umri ni kama unyevu wa mbao, huingia na kutoka, na kazi ya fundi ni kujua leo umefikia wapi.

Alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yake ilitokana na mambo madogo. Alifurahi kulipasua gogo la mninga kuanzia moyoni kuelekea kwenye gome, si kulikata ovyo kama wafanyavyo wenye haraka zao, kwa sababu ubao uliopasuliwa hivyo hutulia, haujikunji, na mistari yake hujitokeza yenyewe bila kubembelezwa. Alifurahi patasi ilipokuwa kali kiasi cha kunyoa malaika ya mkononi. Lakini zaidi ya yote alipenda kiungo, mahali pale ambapo ubao mmoja huacha kuwa peke yake. Kiti ni nini, alikuwa akijiuliza huku akinoa, na jibu lake lilikuwa kwamba kiti ni vipande vilivyokubaliana. Na mtu je? Hapo alitema mate juu ya jiwe la kunolea, akaendelea.

Mafundi wa mtaa wa juu walipiga misumari, wakajaza gundi, wakabandika maua ya kuchonga juu ya kila kosa na kupaka vanishi mpaka kiti kikang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Hamduni hakuficha kitu. Ulimi wa ubao aliupitisha kwenye tundu la mguu mpaka ukatokeza upande wa pili, akauviringa pembe zake kidogo ili usikwaruze, akauacha hapo uonekane. Aliyekaa kwenye kiti chake aliweza kuinama na kuona ni nini hasa kinachomzuia asianguke. Watu walimcheka, wakasema samani zake zimetoka nje bila nguo. Naye aliwajibu kwamba mficha uchi hazai, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa na siri moja ya kazi, ambayo hata hivyo alimwambia kila aliyeuliza. Mguu ukishatobolewa, ulimi nao hutobolewa, lakini matobo mawili hayo hayalingani. Tobo la ulimi husogezwa kwa ndani, upana wa uzi tu, kuelekea kwenye bega la ubao, pale ulimi unapoanzia. Kijiti kikavu kikigongwa humo hulazimika kujipinda, na katika kujipinda huuvuta ulimi ndani mpaka bega likaubana mguu, wala hapahitajiki gundi. Ukisogeza tobo upande usio wake, kijiti hicho hicho kitausukuma ulimi nje, na kadiri unavyogonga ndivyo kiungo kinavyoachama. Upana wa uzi ndio unaotenganisha kushikana na kuachana, na wote waliowahi kuoa wanalifahamu jambo hilo.

Palikuwa pia na desturi. Kijiti cha mwisho cha kila kiti hakukigonga fundi, alikigonga yule atakayekikalia. Fundi alimpa nyundo ya mti, akarudi nyuma hatua tatu, akasubiri. Kiti ambacho mwenyewe hakukigonga hakikutoka karakana, kwa maana ilisemekana kwamba kiti hicho kingembeba mtu bila kumjua.

Kosa la upana wa uzi Hamduni alilifanya mara moja tu maishani, siku ya kigoda cha Mwanakheri. Ndicho kilichokuwa zawadi yake ya posa. Mwanakheri alifika kukigonga akiwa amefunga kanga ya rangi ya manjano, na Hamduni alikuwa akitoboa huku akimtazama, jambo ambalo halifanywi. Binti akashika nyundo, akagonga kwa nguvu zake zote, na badala ya kubana, kiungo kikafunguka mbele ya macho yao, mwanya wa kuingia ukucha. Wakatazamana. Mwanakheri, aliyekuwa na mwanya kwenye meno ya mbele na akijua vizuri kwamba unampendeza, akacheka mpaka akakaa chini. Hamduni aliomba akitengeneze upya, naye akakataa, akasema akiguse mtu aone. Tangu hapo, siku nyingi zisizo na idadi, alikikalia akikuna nazi au akichambua mchele, na kidole gumba chake kilikuwa kikienda chenyewe kwenye ule mwanya. Na kila Hamduni alipopita, Mwanakheri alimgombeza kwa ajili ya mwanya huo. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kufika nyumba ile.

Basi siku moja, ambayo Hamduni alikuwa ameianza kwa kunoa randa, akaja Shekuwe, tarishi wa Ngome. Alikuwa mtu msafi, amevaa glavu nyeupe ili asiache alama popote, na aliongea kwa sauti ya chini kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Alisema Mwinyi, mtawala wa mji, anataka kiti. Hamduni akasema karibu, viti ndiyo kazi yetu. Shekuwe akaeleza kwamba si kiti cha aina ile. Mwinyi anataka kiti kisichoonyesha kiungo hata kimoja, kisicho na kijiti wala ulimi, ili atakayekiona aamini kwamba hakikutengenezwa na mtu yeyote, kwamba kiliota tu kutoka sakafuni siku dunia ilipoanza, naye Mwinyi akiwa amekikalia tayari.

Hamduni alijua habari hiyo. Mafundi watatu walikwisha kuitwa kabla yake. Hawakuuawa wala kufungwa. Kila mmoja alivifunika viungo vyake, na alipofunika cha mwisho, mji ukasahau alikuwa nani, na yeye akajisahau. Walikuwa wakifagia ua wa Ngome, nyuso zao laini kama mbao zilizopigwa msasa, na ukiwasalimu wanatabasamu bila kujua nani amesalimiwa. Majumbani mwao wake zao waliendelea kupakua sahani moja zaidi kila siku, kisha wakaitazama wasielewe ni ya nani. Na viti vyao vitatu vilivunjika, kwani kiungo kilichofichwa hakuna ajuaye kimelegea lini.

Sasa mtu mwenye akili zake angekataa, na Hamduni alikuwa nazo. Lakini Shekuwe alitaja mbao. Ngome ilikuwa na gogo la mvule lililoanguka kabla ya siku ya kwanza, halijawahi kuguswa na msumeno, na lingekatwa na atakayekubali. Hamduni alilisikia neno hilo tumboni, kama mwenye njaa anaposikia harufu ya vitunguu. Akajiambia kwamba yeye si kama wale watatu. Kila mtu hudhani kaburi la jirani limechimbwa kwa kipimo cha jirani. Akachukua patasi zake, akamuaga Mwanakheri, na Mwanakheri, bila kuinua macho kwenye mchele, akamwambia asichelewe.

Lilikuwa gogo la ajabu kweli. Alipolipasua kutoka moyoni, mistari ilitiririka rangi ya asali, na harufu yake ikawafanya walinzi wa Ngome wakumbuke mambo waliyoyasahau, kisha wakayasahau tena. Hamduni alifanya kazi katika ukumbi mkubwa mtupu, na sitasema uongo, aliifurahia kila dakika. Alikichonga kiti cha miguu minne iliyonyooka, mikono mipana, mgongo wa fito saba zilizosimama wima. Hakuweka ua wala jani, uzuri wake wote ulitoka kwenye kipimo. Viungo ishirini, kila kimoja kikijifunga kwa mlio mdogo wa kuridhika. Kimoja tu alikiacha wazi, cha mkono wa kulia, kijiti chake kimechomekwa nusu kikimsubiri mwenyewe, kwa sababu mikono ilikwisha kuzoea. Kisha akaanza kufunika.

Kwa kufunikia alichana mvule ule ule ukawa ngozi nyembamba, kiasi kwamba ukiuinua mbele ya jua unaviona vidole vyako. Akaipaka gundi, akaibandika juu ya ncha ya ulimi wa kwanza, akapiga msasa. Kiungo kikatoweka. Nje, jirani yake wa miaka yote alikuwa akipita kwenye ua, akamwita kwa jina la mtu mwingine. Hamduni akacheka. Akafunika cha pili na cha tatu. Alipofika cha kumi alitaka kusaini ubao kwa penseli chini ya kiti, mahali pasipoonekana, akakuta penseli imeshikwa na mkono unaosubiri kuambiwa cha kuandika.

Mimi ni yule aliyekata ulimi huu, aliwaza. Ulimi uko wapi? Haupo. Basi aliyeukata. Naye hayupo. Lakini mikono hii. Mikono ni ya nani, nani aliitengeneza, mbona sioni vijiti. Ningeona mahali pamoja tu ambapo nimeunganishwa. Begani? Kitovu. Ndiyo, kitovu. Huyo fundi hakuficha. Alinikata akaacha kovu katikati ya tumbo ili kila nikioga nikumbuke kuna mtu aliyenishika upande wa pili. Kumbe hata Yeye. Na mimi nani nifiche.

Lakini aliendelea kufunika, kwa kuwa kazi ikishaanza huwa na miguu yake. Alipofunika cha kumi na tisa aliona njaa, akafuata miguu yake mpaka mtaa wa chini, kwenye mlango uliopakwa chokaa. Akapiga hodi. Hakujua kwa nini anapiga hodi, wala kwa nini angeacha kupiga.

Karibu, akajibiwa kutoka ndani. Mwanakheri alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Akainua uso, akamtazama mzee mgeni aliyejaa vumbi la mbao, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hamduni akaitika marahaba. Ilimuuma, na hakujua ni nini kinachomuuma. Ilikuwa kama jino ambalo hulioni. Mwanakheri akamletea maji ya kunawa, akapakua sahani mbili, akajishangaa kidogo kwa kuwa alikuwa amezitoa mbili kabla mgeni hajapiga hodi. Wakala. Mgeni alikula kwa shukrani, macho yake yakienda kila mara kwenye kidole gumba cha mwenyeji wake, kilichokuwa kikipapasa chini ya kigoda.

Akamuuliza kuna nini pale. Mwanakheri akasema ni mwanya tu, kigoda kilikosewa. Alisimulia habari ya siku ile, kanga ya manjano, nyundo, kiungo kilivyoachama. Lakini kila alipofika kwa aliyekitengeneza, hadithi ilikuwa na shimo, naye aliizunguka kama mtu anavyozunguka kisima gizani. Alijua kwamba mtu huyo alikuwa akimtazama. Alijua alicheka naye. Hakujua zaidi, na machozi yakamlenga, akayafuta kwa upindo wa kanga, akaomba radhi kwa kumlilia mgeni.

"Nina maneno yake hapa," alisema, akijigusa kifuani. "Miaka yote ya kumgombeza. Sijui nimpe nani."

Mgeni akaomba akione. Mwanakheri akasimama, akakigeuza. Mgeni akapitisha ukucha wake kwenye mwanya, akahisi kijiti ndani yake kimejipinda upande usio wake, akajua kwa vidole, kabla ya kichwa, kwamba aliyetoboa tobo lile hakuwa akitazama kazi. Kisha akajua alikuwa akitazama nini. Jina lake halikurudi. Alilikumbuka kosa lake tu, na likamtosha kusimama nalo. Akashukuru kwa chakula, akatoka mbio kwa namna isiyofaa mgeni wala mzee.

Ngomeni alichukua randa. Ngozi ya kwanza ilitoka ikiwa msokoto mmoja mrefu, na chini yake ulimi wa mvule ukatokeza, umekasirika kidogo, nadhani, lakini mzima. Alivua ya pili. Alikuwa anapiga randa akitokwa jasho na akiimba kitu kisicho na maneno. Alipomaliza ya kumi na tisa, maranda yalikuwa yamemfika magotini, na kiti kilisimama katikati yake kikionyesha kila mahali kilipokubaliana. Ndipo milango ikafunguliwa. Mwinyi alikuja kukikalia.

Mwinyi alikuwa mtu mdogo kuliko vazi lake. Shekuwe, aliyemtangulia, alikiona kiti akapauka, akasimama mbele yake akitanua joho ili kisionekane. Mwinyi akamsogeza kwa kidole. Akakizunguka kiti mara mbili. Akauliza vile vinundu ni nini, na Hamduni akamwonyesha kimoja kimoja, ulimi, bega, kijiti, bila hofu, maana mtu aliyekwisha kusahauliwa na mkewe hana tena cha kunyang'anywa. Shekuwe akasema kwa sauti yake ya chini kwamba kiti kichomwe na fundi apewe ufagio, kwani kikiwekwa barazani kila mpumbavu ataona ni wapi pa kuvutia ili kianguke.

"Ni kweli, wataona," Hamduni alisema. "Na kikilegea wataona pa kukazia."

Mwinyi alikuwa ameinama kwenye kile kijiti kilichotokeza nusu, cha mkono wa kulia. Akauliza mbona hiki hakijaisha. Hamduni akamweleza desturi, kwamba hiki ni cha mwenyewe, kiti kipate kumjua. Katika Ngome ile hakuna aliyemjua mwenziwe. Walikaa kwenye viti visivyotengenezwa na mtu, wakala kwenye meza zisizotoka popote, na Mwinyi mwenyewe alikuwa ametawala siku moja ndefu isiyo na mwanzo, bila kukumbuka nani alimbeba mgongoni. Hamduni aliliona hilo usoni mwake, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Akampa nyundo ya mti, akarudi nyuma hatua tatu.

Pigo la kwanza lilikosa kijiti. Likatua kwenye mkono wa kiti, likaacha bonde la ukubwa wa ukwaju kwenye mvule usio na kovu tangu kabla ya siku ya kwanza. Shekuwe akaruka na kitambaa na kopo la vanishi. Mwinyi akamzuia, akalishika lile bonde kwa kidole gumba, na kidole kikakaa humo sawasawa. Akagonga tena. Safari hii kijiti kiliingia, kikajipinda, kiungo kikalia mlio wake mdogo na bega likabana mguu. Mwinyi akakaa. Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Mama alikuwa akiniita Chande," alisema hatimaye, bila kumwambia mtu yeyote.

Sitawadanganya kwamba aliacha kutawala. Alitawala, lakini tangu hapo waliokuja kushtaki walisimama mbele ya kiti walichoweza kukihesabu viungo, na wengine waliinama kuvikagua kabla ya kusema shida zao, naye aliwangoja wamalize. Shekuwe alivua glavu moja, nyingine ikamshinda. Uani wafagiaji watatu walisimama na fagio zao, wakatazama viganja vyao vyenye sugu za patasi, wakaulizana njia ya kwenda nyumbani.

Hamduni alikusanya vyombo vyake. Hakujua kama jina lake limerudi, kwa sababu njiani hakukutana na mtu wa kumwita, na mtu hawezi kujiita mwenyewe akaitika. Alitembea polepole. Alifika kwenye mlango wa chokaa, akainua mkono kupiga hodi, akaushusha. Akasikia kigoda kikilia ndani, mlio anaoujua, wa mtu mzito kidogo kuliko siku ya posa akigeuka kutazama mlangoni. Hakupiga. Akangoja nje na begi la patasi begani.

"Utasimama hapo mpaka lini?" sauti ya Mwanakheri ilisema. "Chakula kinapoa, na hiki kigoda chako kimenifinya tena."

Akaingia, akaomba msamaha kwa ajili ya kigoda, kama kawaida yake, na siku ile ikaisha.